Mkono wa Fundi Mung'aro

Fadhiya binti Zein alikuwa akiota rangi.

"Umeota tena?" humuuliza mamake, Bi Ummulkheir, akimsogezea mahamri.

"Nimeota, mama. Ukuta mzima wa Ngome ulikuwa samawati, kisha pembeni ukaanza kuwa mwekundu, polepole, kama unaona haya."

Rangi hizo zilitoka kazini. Katika karakana moja ya meli bandarini Kilindini, Fadhiya huigiza ndani ya kompyuta yale yanayotokea vyuma vya aina mbili vinapounganishwa kwa moto. Kila chuma hutanuka kwa kadiri yake. Vikipata joto, kimoja huvuta na kingine hukataa, na mkazo hukusanyika penye mshono. Kwenye kioo cha kompyuta, mkazo mdogo ni samawati, mkubwa ni mwekundu. Aliweza kukaa akiutazama wekundu ule ukitambaa hata chai yake ikapoa.

Mwaka huo ililetwa boti ya kuvuta meli. Bomba lake la moshi lilikuwa limepasuka mara mbili, pale chuma cha kawaida kilipokutana na chuma kisichoshika kutu. Fundi Mung'aro, aliyekuwa mchomeleaji kwa miaka thelathini, akachoma kipande cha bomba cha majaribio. Fadhiya akakitia alama ya chaki kama kompyuta ilivyomwonyesha: ufa utaanzia hapa juu, upande wa chuma cha kawaida.

Mung'aro akaiinamia ile chaki, akacheka kwa upole. "Bi Fadhiya, hiyo mashine yako imewahi kushika kijiti cha kuchomelea?"

Siku kumi na moja kipande kiliingia tanurini, kikatoka, kikapoa, kikarudishwa. Siku ya kumi na mbili fundi alikipaka rangi nyekundu, akaifuta, akapulizia unga mweupe. Penye ufa, rangi iliyopenya hurudi juu. Mstari mwembamba ukajichora chini kabisa, mbali na chaki. Upande wa chuma Fadhiya alikuwa ameupatia; mahali, hakupapatia.

Jioni Fadhiya alipita Ndia Kuu bila kuona maduka wala kuitikia salamu. Alizirudia ndoto zake moja moja. Katika zote, ukuta ulikuwa umekwisha kusimama; na kwenye kompyuta yake vilevile mshono ulikuwa umekwisha kuwapo, umeyeyuka mzima kwa mara moja. Hapakuwa na mtu aliyeuchoma. Akasimama katikati ya njia.

Kesho yake alimfuata Mung'aro. "Subalkheri, fundi. Nataka kuutazama mkono wako."

"Mkono wangu una nini?"

"Sijui bado. Choma kama kawaida."

Fadhiya alivaa kinyago cha mchomeleaji, akaandika dakika kwa dakika. Fundi alianzia chini, akapanda kulia, akapumzika juu kubadilisha kijiti, akateremka kushoto, akafunga pale pale alipoanzia. Fadhiya akaitia safari ile yote ndani ya kompyuta. Wekundu ukateremka taratibu, ukatua mahali ufa ulipotokea.

Alimwita Mung'aro. Mzee alitazama mshono ukijijenga kwenye kioo, ukitulia kidogo juu, kisha ukiendelea.

"Alaa! Hapo ndipo nabadilisha kijiti." Akakigusa kioo kwa kidole. "Basi mwambie huyu wa ndani ya kioo aanzie kwengine tuone."

Walijaribu njia sita kwenye kompyuta. Iliyopunguza wekundu zaidi ilikuwa ya vipande vifupi vinavyoelekeana: chini, juu, kulia, kushoto, kwa vijiti vya nikeli, ambayo kutanuka kwake ni kati ya vyuma vile viwili. Kwenye meza ya kazi haikuwa rahisi.

"Mkono wanikatalia," alisema Mung'aro, jasho likimtiririka. "Wataka njia yake."

Fadhiya alisimama nyuma yake akimwelekeza: "Juu, fundi. Sasa kulia." Cheche zilimiminika, na kwa mara ya kwanza yeye hakuona rangi za kioo bali chuma chenyewe, kikiwaka kisha kikififia mbele ya mkono wa mtu.

Kipande cha pili kilikaa siku arobaini ndani na nje ya tanuri. Unga ulibaki mweupe. Bomba jipya likachomwa vivyo hivyo, boti ikarudi kazini, na hadi leo haijaletwa tena.

Siku hizi Fadhiya akirudi kutoka kuswali adhuhuri humkuta Mung'aro ameketi mbele ya kompyuta, kinyago kimelala magotini, akitazama chuma kikipoa. Humwacha. Huvuta kiti cha pili, wakatazama wote wawili.