Fundi wa majoho aliyesamehe kila Jumapili

"Mimi neno lile nimelizika, na kaburi lake silijui," anasema fundi, pini tatu zikiwa mdomoni. "Nikisamehe nimesamehe. Silitaji tena."

Kisha analitaja kwa dakika ishirini.

Ni saa moja asubuhi. Katika chumba cha upana wa hatua nne, mwanamke wa miaka arobaini na mitano ameinamia cherehani nyeusi ya miguu, kuukuu, ambayo ua la dhahabu lililochorwa ubavuni limefutika kwa kusuguliwa na kiwiko chake. Ukutani yametundikwa majoho meupe kumi na manne ya kwaya, yamejipanga kana kwamba yanangoja kupewa sauti. Waumini humwita Mama Majoho. Hakuna mwanakwaya pale kanisani ambaye fundi huyu hajui kiuno chake kimeongezeka lini.

Wiki njema humaliza majoho sita. Wiki mbaya ni zipu na mapindo, na kipato cha zipu nne, anasema, huishia kwenye mkaa kabla hakijauona unga.

Lakini mwandishi wa makala hii hakuelekezwa hapa kwa sababu ya zipu. Alielekezwa na watu watatu tofauti, na wote walisema maneno yaleyale: nenda kamwone yule mama aliyesamehe.

Habari yenyewe ni hii. Miaka kumi na moja iliyopita, fundi alilazwa hospitali kwa uzazi wa mtoto wake wa pili. Duka alimwachia wifi yake, mdogo wa mumewe, msichana wa miaka kumi na tisa. Aliporudi na mtoto mgongoni alikuta chumba kitupu na alama nne sakafuni mahali ilipokuwa cherehani. Wifi ameiuza, amemfuata mwanamume aliyemwahidi biashara. Biashara haikuwapo, na baada ya muda mwanamume naye hakuwapo.

"Nilishona kwa mkono, mwanangu. Tazama," anasema, akinyoosha kidole cha shahada ambacho hakikunjiki. "Kidole hiki hata kumtisha mtoto hakiwezi. Kinaonekana kinamwelekeza njia."

Wifi aliporudi akapiga magoti, fundi akamwinua. Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda. Kanisa lililia. Akaalikwa kanisa la jirani, likalia nalo. Akaalikwa kwenye semina ya akina mama, kwenye mkesha, kwenye harusi moja ambayo hadi leo maharusi hawajaelewa ilikuwaje.

Mumewe, ambaye huumwa kichwa kila Jumapili ya ushuhuda, anakadiria kwamba dada yake amesamehewa hadharani mara thelathini na kitu. "Zile ishirini za kwanza nilikuwapo," anasema akiwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. "Nikaona basi, huyu sasa amesamehewa vya kutosha."

Anaondoka na kikombe chake kabla hajajibiwa. Ndoa ya miaka ishirini imemfundisha.

Saa mbili kasoro anaingia wifi mwenyewe, amekuja kupimwa joho. Wanasalimiana vizuri, wanaulizana watoto, na fundi anampandisha juu ya kigoda ili abane pindo. Wifi anamtupia jicho mgeni mwenye daftari.

"Huyu ni nani?"

"Mwandishi wa gazeti. Anaandika habari za ufundi."

Mwandishi anatazama daftari lake, ambamo ufundi umepata mstari mmoja na nusu.

"Umeshamwambia?" wifi anauliza.

Fundi anarudisha pini mdomoni. Mdomo wenye pini hauhojiwi.

"Umemwambia mpaka wapi, wifi?"

"Mpaka niliposamehe," pini zinajibu.

"Kama kawaida." Wifi anashusha pumzi ya mtu aliyebeba ndoo moja kwa miaka mingi. Hawezi kushuka, pindo limejaa pini, kwa hiyo ananyoosha mkono tu. "Mwandishi, hiyo cherehani umeiona? Ndiyo hiyohiyo niliyoiuza."

Fundi ghafla anaona uzi uliolegea kwenye pindo, anaushughulikia kwa bidii kubwa.

Wifi anaeleza sehemu ambayo ushuhuda huwa haufiki. Aliporudi alifua nguo za watu miezi kumi na minne. Alimtafuta aliyeinunua, akamkuta upande wa pili wa mji, akamsihi, akaikomboa, akaileta kichwani mwenyewe. Ni miaka saba sasa tangu iliporejea kwenye alama zake nne.

Mwandishi anamuuliza fundi mbona hilo hakulisema.

"Dakika huwa ni kumi tu," fundi anajibu. "Kipaza sauti kina wenyewe."

Hapo ndipo wifi anapochoka. Hapandishi sauti. Anasema Jumapili hii anasimikwa kuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, watoto thelathini na wawili, wazazi wao wakiwa mbele, na katika ibada hiyohiyo ratiba imempa fundi dakika kumi za ushuhuda. Nusu ya wazazi ni wageni. Hawamjui bado.

"Tuliambiwa tusamehe saba mara sabini, wifi. Kutangaza hatukuambiwa hata mara moja."

"Miaka minne nilishona kwa mkono," fundi anasema, na safari hii hafanyi mzaha.

"Najua. Nilikililia kidole hicho hapahapa sakafuni, ukaniinua, ukasema yameisha. Nikaamini. Mungu ameniita mwanawe, nami nimeitika. Lakini kila nikifika kanisani nakuta wewe umeshanitangulia, umenipa jina lingine."

Fundi anatoa pini mdomoni, moja moja, anazichomeka kwenye kimto. Anakaa kwenye kiti chake cha kushonea na kuzungumza zaidi na cherehani kuliko na watu.

"Nikiacha kusema, nitasimama pale kama nani? Mafundi wako wengi. Aliyesamehe ni mimi peke yangu."

"Mbele ya Mungu ulikuwa mtu kabla sijakuibia," wifi anasema. "Shona pindo, nina safari."

Wifi analivua joho, pindo linashonwa. Mguu wa fundi tu ndio unaozungumza na pedali. Wifi analikunja joho lake, anaaga, anaondoka.

Fundi anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa na kutoa mipango yake, kwa sauti ya mtu aliyepona. Dakika zake kumi ataiachia kwaya. Anataka kununua cherehani ya pili kabla mwaka haujaisha, ya umeme, afundishe mabinti wawili. Na neno lile, anaapa, halitatoka tena kinywani mwake. "Andika hivyo. Andika kwa herufi kubwa."

Mwandishi bado anaandika pale anapoingia mama mmoja mwenye begi la zipu mbovu. Ni mgeni mtaani. Anasema amepishana na dada mmoja aliyebeba joho jeupe, mzuri kweli, ni nani yule?

"Ah, yule," fundi anasema, akivuta kiti karibu. "Yule ni wifi yangu. Kaa, mama. Mimi na yule tumetoka mbali. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuwa nimelazwa..."

Mlangoni pana kivuli. Wifi amerudi kuchukua mwavuli wake uliobaki nyuma ya kigoda. Hasogei.

"Ulilazwa, halafu?" mwenye zipu anahimiza.

Fundi anamtazama wifi. Anatazama cherehani. Kidole chake kisichokunjika kimebaki hewani, kimeelekea mlangoni.

"Halafu nikajifungua," anasema. "Na yule pale ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Una watoto, mama? Mpelekee."