Rumonge na Kurudi Bila Kushika Lori

Niliondoka kwa sababu ya hasira, na sioni haya kusema hivyo. Kikundi cha baiskeli cha mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, kilitangaza safari ya kwenda Rumonge na kurudi siku hiyohiyo. Mimi ni fundi cherehani, na jezi zote za kikundi nilizishona mimi. Nikamwendea kiongozi wao, Hamisi, ambaye wote humwita chefu, nikaomba kuingia. Akacheka mbele ya wenzake.

"Zaina, bamama bataenda na pikapu. Batatupikia kule."

Nikamwambia baiskeli ninayo na miguu ninayo. "Sawa," akasema, watu wote wakisikia. "Ukifika Rumonge na ukarudi kwa nguvu yako, nitakupa jezi. Utakuwa membre wa kikundi."

Alfajiri tulitoka, wanaume tisa na mimi, pikapu ikitufuata. Chefu aliniweka mwisho kabisa, eti nisiwazuie wengine.

Tulipofika Kabezi, waliokuwa wakingoja gari za kwenda mjini waliacha hata kuongea ili wanitazame. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akaniita, "Amahoro, mama! Bwana yako iko wapi?"

"Iko nyumbani, amelala!"

Alicheka mpaka nyanya zikamwanguka. Nami nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho kucheka asubuhi ile.

Huko Gitaza, ndagala, yaani dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa kando ya barabara, na ziwa lilikuwa limekula lami hadi tukapita kwenye matope. Mbele yetu kulikuwa na mlima. Hapo likatokea lori la mawese, limejaa bido tupu, madumu ya mafuta yanayorudishwa Rumonge, linatambaa. Kwetu kila mtu anajua: mwenye baiskeli akifika mlimani hushika lori kwa nyuma, likamvuta. Mtu aliyebeba mikungu ya ndizi simlaumu hata kidogo. Lakini hawa walikuwa hawajabeba kitu ila majivuno! Mmoja baada ya mwingine walilidaka kwa mkono wa kushoto, chefu akiwa wa kwanza.

Kasongo, seremala Mkongomani, ndiye pekee aliyegeuka. "Dada Zaina, njo! Shika!"

Nilikataa. Sharti lilikuwa kwa nguvu yangu, na nguvu yangu haina magurudumu sita. Lori likaondoka nao, hata baada ya mlima hawakuliachia. Nilikanyaga peke yangu huku machozi ya hasira yakinitoka. Dereva wa pikapu akanisogelea na kusema chefu ameagiza nipande.

"Mwambie chefu aje aniambie mwenyewe."

Rumonge niliingia mchana, jua likiwa kali. Mwenyeji wetu, Mama Mwajuma, shangazi yake Hamisi, alikuwa amewazuia wanaume kula mpaka wa mwisho afike. Kumbe walikuwa wamenuna kwa njaa.

"Umechelewa," chefu akaniambia kabla sijashuka. "Sisi tulikanyaga, wewe ulishindwa. Utarudi na pikapu."

Nilitaka kumrushia pampu. Lakini Mama Mwajuma alikuwa ameshaleta birika na beseni, akaanza kutunawisha mmoja mmoja kama ada ilivyo. Alipofika kwa Hamisi, maji yakateleza juu ya kiganja cha kushoto bila kukilowesha. Kilikuwa chekundu kwa mawese. Akamnawisha wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

"Bana bangu," akasema, "mulikanyaga na mikono?"

Akafika kwangu, vumbi likatoka, maji yakapita. Akachukua samaki mkubwa kuliko wote, mukeke mnono, akamweka mbele yangu.

Baada ya kula, njiani kurudi, nilikanyaga baiskeli yangu na hakuna aliyenitajia pikapu tena. Malori mawili yalitupita mlimani Gitaza. Chefu aliyatazama kama aliyefunga anavyotazama sahani, lakini hakuthubutu. Walihema, walisimama, walikunywa maji. Safari hii sikuwa wa mwisho.

Buyenzi tulifika usiku. Chefu akatoa jezi, akanirushia bila kunitazama. "Haya, chukua. Lakini leo tulikuvumilia sana."

Hasira ikanipanda upya. Kunivumilia! Niliivaa palepale, juu ya nguo zangu.

"Murakoze, asante, chefu. Sasa niko membre, na niko na neno. Safari ingine, mwenye atashika lori atapanda pikapu na atatupikia."

Kasongo aliinua mkono kwanza, kukubali. Wengine wakafuata polepole, na chefu, alipoona amebaki peke yake, akauinua wake.

Nilichojifunza ni kwamba kuingia hakutoshi. Ukishaingia, sema siku hiyohiyo, kabla hawajazoea kukuona umenyamaza.