Mgeni wa Usiku wa Sensa

Fundi saa alikuwa hana mtu, na simaanishi hana mke tu. Hana ndugu, hana binamu, hana hata mjomba mlevi wa kumwonea aibu. Mama yake alifariki bila kumwambia neno la maana juu ya baba, askari aliyekwenda vitani asirudi. Basi mwenzetu, miaka sita mizima, kila Jumatatu anafunga kibanda chake anakwenda chumba cha kumbukumbu kufukua makaratasi. Majirani wakamcheka: "Wenzako wanatafuta wake, wewe unatafuta marehemu!"

Faili la jeshi lilimvunja moyo. Penye jina la ndugu wa karibu, karani ameandika: hana. Lakini orodha ya sensa ikamfuta machozi. Baba huyo hapo, miaka kumi na minane, katika nyumba ya seremala mmoja, pamoja na watoto watano. Fundi akapiga hesabu yake, akapata shangazi. Maana kitinda mimba wa seremala alikuwa hai bado, mjane, vituo vitatu tu vya basi. Alibisha hodi. Tangu hapo kila Jumapili anakula kwake, anagombezwa kwa nini amekonda. Loo, raha iliyoje kugombezwa!

Angeishia hapo, mambo yangekuwa shwari. Ila huyu si mtu wa kuacha kazi nusunusu. Akaomba cheti cha ndoa ya wazazi wake. Penye baba wa bwana harusi: hajulikani. Akakipeleka kwa mtunza kumbukumbu, mama mmoja mpole, naye akamtolea fomu yenyewe ya sensa, si ile orodha iliyonakiliwa.

"Sensa inahesabu aliyelala pale usiku ule, kaka yangu," alisema. "Hata mpita njia."

Safu ya uhusiano na mkuu wa kaya ilisema: mtoto, mtoto, mtoto, mtoto, mtoto, mgeni.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini Jumapili alisukuma sahani kando, akasema yote. Yule mjane alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika. Alimfungia chakula kilichobaki, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Ahsante kwa kunieleza," alisema. "Karibu siku nyingine, bwana."

Mwaka mzima alikuwa akimwita mwanangu.