Mstari wa Kwanza Getini

Mama Kibodi hakuwa mtu wa kubanwa akanyamaza. Hospitali nzima ilimjua. Ndiye aliyesimamia akaunti na kadi za wafanyakazi, na kazi hiyo aliifanya kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta ambako hakuna cha kubofya: unaandika amri, unapiga kitufe, upate au ukose.

Kila jioni amri yake moja ilitoa faili la CSV, yaani majina na namba za kadi vilivyotenganishwa kwa koma. Mstari wa juu kabisa ulibeba vichwa vya safu: jina, idara, kadi. Alfajiri mashine ya geti ililisoma faili hilo, na mstari wa kwanza iliuruka, maana iliundwa ikijua kuwa pale pana vichwa tu.

Akaja mkurugenzi mpya na usafi wake.

"Vizime hivyo vichwa. Vinaniharibia ripoti."

"Bosi, nitakutolea lako peke yake lisilo navyo. La geti liache."

"Faili moja, amri moja. Sitaki mambo mawili mawili hapa."

"Geti litaruka mtu!"

"Limruke. Askari si wapo?"

Basi Mama Kibodi akaongeza neno dogo mwishoni mwa amri, vichwa vikazimika. Kesho yake aliyerukwa ni mama mfagizi wa wodi ya wazazi, kosa lake jina kuanza na A na kuongoza orodha. Kadi ikakataa, na askari, mbishi yule, akamwambia amsubiri karani aje amwandike kwa mkono. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Msimamizi wake akamwandikia barua ya onyo: akichelewa tena, asirudi.

"Mwanangu," mama mfagizi akamwambia Mama Kibodi, "sasa nibadili jina uzeeni?"

"Thubutu! Kesho utapita hapo kama bibi harusi."

Jioni ile aliandika amri bila vichwa, kama alivyoagizwa. Ila majina aliyapanga upya, akaweka la kwake juu kabisa.

Asubuhi kadi ya mama mfagizi ikalia pii, geti likafunguka. Ya Mama Kibodi ikakataa. Akavuta kiti cha askari, akaketi, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Huko ndani manesi waliosahau nywila walikuwa wanahaha, daktari naye kafungiwa akaunti, na mwenye kuzifungua yuko nje anapuliza kikombe.

Mkurugenzi akatoka mbio, tai begani.

"Unafanya nini hapa?"

"Namsubiri karani, bosi. Geti limeniruka."

"Askari, mfungulie!"

"Asithubutu. Mama mfagizi mbona hakumfungulia?"

"Unataka nini wewe mwanamke?"

"Vichwa virudi. Na ile barua ya onyo uichane mwenyewe, hapa hapa."

"Na nikikataa?"

"Chai ipo tele. Karibu."

Wafanyakazi walishajaa madirishani. Mkurugenzi akawatazama, akaitazama chupa.

"Haya, vichwa virudi. Ileteni hiyo barua," akasema.

Mama Kibodi hakuinuka mpaka aliposikia karatasi inachanika.