Utando Juu ya Mchanga

Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba safi kuliko zote upande wetu wa Ndanai, na usafi huo ndio ulioniharibia chujio langu la maji.

Chujio lenyewe lilikuwa debe la mafuta ya kupikia nililolijaza kokoto na mchanga wa mtoni, kwa sababu watoto waliumwa tumbo kila mvua ilipoanza na hatukuwa na uwezo wa kitu kingine. Likikaa wiki kadhaa, mchanga huota utando wa kijani unaoteleza, na utando huo ndio unaokamata uchafu. Lakini kila Jumamosi, akijiandaa kwa ibada ya kesho yake, mama aliukwangua wote na kuosha mchanga kwa sabuni. Jumapili chai ilinuka sabuni.

Nilimweleza mpaka nikachoka.

"Siwezi kuwapa wageni maji yaliyopita kwenye uchafu," alisema.

Siku moja hasira zilinipanda, nikamwonyesha vibuyu vyake vya kugandishia maziwa vilivyoning'inia ukutani. "Na hivi, mama, unaviosha kwa sabuni?"

"Nani anaosha kibuyu kwa sabuni? Maziwa yataharibika." Kisha akageuka, akalitazama lile debe, na Jumamosi iliyofuata hakuugusa mchanga.

Utando ukaota tena. Mvua zikaja, na watoto wakaenda shule kama kawaida. Asubuhi moja nilitaka kufunua debe nichungulie, mama akanipiga mkononi.

"Wacha," akasema. "Nawa kwanza."