Alama Iliyonyooka Mno

Siri ya kura yangu niliiharibu mwenyewe, kwa sababu siwezi kuchora kitu kibaya. Nikikosea herufi moja kwenye barua nachana karatasi na kuanza upya. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikajifundisha yaliyobaki kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari dukani. Niliyanakili mpaka mwandiko wangu ukakaribia wa mashine. Ndiyo maana kijiji kizima kilikuja kwangu kuandikiwa barua, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulipofika nikachukuliwa kuwa karani wa kituo.

Watu waliuogopa uchaguzi ule. Redioni tulisikia habari za nchi jirani ambako watu walipiga kura kisha wakachinjana. Siku chache kabla, mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji, alituita kwenye uwanja wa ghala la pamba. Alisema kijiji chetu ni kimoja na kitachagua chama kile kile cha siku zote. Atakayekwenda kinyume atatengwa. Neno hilo nililijua. Niliwahi kuiona nyumba iliyotengwa: mtoto wao alipofariki, baba na mama walichimba kaburi wawili tu.

Mimi si jasiri, na wala sikukichukia chama cha siku zote. Lakini kwenye semina ya makarani kule Bariadi tuliambiwa tena na tena kwamba kura ni siri. Mimi nikiambiwa jambo ni la hakika, silali mpaka nimelijaribu. Siku ya kura ilipofika nikaweka alama yangu kwenye chama kipya. Nilitaka kujua kama siri ni siri kweli.

Bibi yangu alikuja kituoni asubuhi hiyo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Wapiga kura wengine wasiojua kusoma walisaidiwa na msimamizi wa kituo, lakini bibi alinitaka mimi, naye msimamizi akaruhusu. Tulipokuwa nyuma ya pazia alininong'oneza, "Weka pale pa siku zote." Nikaweka.

Alasiri tukahesabu. Msimamizi aliinyanyua kila karatasi ili mawakala wa vyama waione. Alama za watu zilikuwa ndefu, zimepinda, nyingine zimetoka nje ya kisanduku kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Kisha ikatokea moja ndogo, imenyooka, imekaa katikati kabisa. Ilikuwa ya chama cha siku zote.

"Hii imepigwa pasi," alisema wakala wa chama hicho, na watu wakacheka. Barua zake zote niliziandika mimi.

Chini kabisa ya rundo ikatokea kura pekee ya chama kipya. Nayo imenyooka, nayo imekaa katikati. Wakala hakucheka tena. Aliziweka akilini zote mbili, kisha akanitazama mimi.

"Mkono mmoja," alisema.

"Kura ni siri, mzee," msimamizi akamjibu, akaipindua karatasi. Mimi kalamu iliniponyoka.

Jumapili tuliitwa tena ghalani. Wakala alieleza bila haraka kwamba alama zile mbili ni za mkono wangu, na kwamba nilimshikia kalamu mtu mmoja tu, bibi yangu.

"Basi moja ni ya binti, moja ni ya bibi," alisema mtemi. "Mwenye ile mbaya asimame, yaishe."

Magoti yalikataa kuninyanyua. Nasema hivyo, lakini ukweli ni kwamba sikuyaambia yanyanyuke. Aliyesimama ni bibi.

"Ni yangu."

"Mayu, mama yetu, macho huoni. Chama kipya umekiona wapi?" mtu akamtania.

"Nilikisikia."

Watu wakacheka, lakini mtemi hakucheka. Kwa sababu ya uzee wake, adhabu ilikuwa moja: asisalimiwe na mtu mpaka pamba ivunwe.

Jioni ile jikoni aliniuliza, "Ile yangu uliiweka wapi?"

"Pale uliponiambia, bibi."

"Kweli?"

"Kweli."

Akapuliza moto. "Basi ilihesabiwa," alisema, na hakuniuliza juu ya ile nyingine.

Tangu hapo kila asubuhi tulikwenda lamboni kuteka maji, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na ndoo. Kila asubuhi aliwaamkia wanawake waliokuwa pale, "Mwangaluka!" Walikuwa majirani wa miaka yote. Wakainama juu ya ndoo zao. Kesho yake akaamkia tena, kwa sauti ile ile, na mimi nikawa naangalia vidole vya miguu yangu.

Nilianza kumwandikia mtemi barua ya kukiri. Nikakosea neno, nikachana. Nikaandika nyingine, mstari ukapanda juu, nikachana. Daftari zima liliisha hivyo. Nilijua kabisa ninachokifanya: nilikuwa najificha nyuma ya mwandiko mzuri.

Pamba ilikuwa bado changa asubuhi ile bibi alipoteleza kwenye tope la lambo akakaa chini. Hakuumia. Alipangusa mikono, akageukia waliko wanawake, akasema, "Mwangaluka." Hakuna aliyemwinua, hakuna aliyeitikia.

"Kura ilikuwa yangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, imekatika katikati, mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. "Yeye alichagua pale pa siku zote. Ni mimi."

Wanawake walibeba ndoo zao wakaondoka. Nilimwinua bibi, na siku nzima nilisubiri hatua za mtemi mlangoni. Hakuja. Kesho yake nilitangulia mimi lamboni. Niliwaamkia wote kwa pamoja, "Mwangaluka."

Migongo ikageuka. Kisha nyuma yangu, kutoka njiani ambako fimbo ya bibi ilikuwa bado inagonga ardhi taratibu, sauti moja ikaitikia.