Asiyeletewa Kichwa

Mwaka ule wa barakoa, Lemomo wa Ngaramtoni aliamua kwamba mama yake hafi. Yeye ni muuza misumari na mabati, si daktari, lakini redio ilisema ugonjwa ule unawapenda wazee, na Lemomo si mtu wa kuacha kazi njiani. Akaweka ndoo ya kunawia nje ya nyumba ya mama, akapiga mstari wa chokaa uani, akawatangazia watoto: "Atakayevuka hapa atanitambua."

Sasa, kwa Waarusha mtoto hamsalimii mkubwa kwa mdomo peke yake. Huinama, na mkubwa humgusa utosini kwa kiganja. Pale nyumbani walisema kuleta kichwa. Koko Silantoi, bibi yao, alizoea kuletewa vichwa vya wajukuu wote kabla ya chai. Baada ya chokaa akawa anatupiwa "Shikamoo, Koko!" kutoka ng'ambo, kama ng'ombe anayeitwa. Chakula kiliachwa mlangoni juu ya kigoda, na aliyekiweka akatimua mbio.

Lemomo aliridhika. Mama hakukohoa hata mara moja. Kwamba aliacha pia kuimba, kugombana na mkwewe na kuulizia bei ya maharage, hilo Lemomo aliliita utulivu.

Asubuhi moja mkewe, Nashipae, akampigia simu dukani.

"Baba Ezra, njoo. Uji wa jana upo, wa juzi upo. Na mama yako yuko na mbuzi."

"Mbuzi wamefanyaje?"

"Njoo tu, bwana afya."

Alimkuta mama zizini, vitoto vya mbuzi vimemzunguka. Alikuwa akivigusa utosi kimoja kimoja, na kila kimoja akikiita kwa jina la mjukuu. Lemomo alisimama kwenye mstari wake, barakoa usoni.

"Yeyo," akamwita mama yake, "mbona huli?"

Mama akamtazama kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mgeni.

"Nilikufa lini, Lemomo?"

Redio haikuwa imemwandaa kwa swali hilo.

"Hujafa, Yeyo!"

"Usinifiche. Aliye hai huletewa kichwa. Nauliza siku tu, maana kengele ya kanisa sikuisikia." Akamsogeza mbuzi mmoja. "Nami siwezi kumaliza uji wa watoto na hali nimeshakufa. Si vizuri."

Hakuwa akitania. Alisema kama anayeulizia siku ya gulio.

Mwanamume akishatoka jando haleti kichwa tena. Lemomo alitoka jando zamani, na sasa ana kitambi na mhuri wa duka.

"Chokaa inafutika, mume wangu," Nashipae akasema nyuma yake.

Lemomo akanawa mikono hadi viwiko. Akanawa na upara. Kisha akauvuka mstari, akapiga magoti kwenye samadi, akainama.

Kiganja kilikawia hewani. Kiliposhuka kilikuwa chepesi mno. Hakujua kwamba mama amekonda kiasi kile.

"Kichwa kimelowa," mama akasema polepole. "Kinanuka sabuni." Akakibonyeza tena, kama mtu anayepima parachichi. Kisha akaenda kwenye kigoda cha mlangoni, akaonja uji wa asubuhi ile. "Mwambie mkeo uji huu umepoa. Na sukari kaibania."

Akaunywa wote.

Kesho yake, Lemomo alimkuta mlangoni, bakuli limejaa mbele yake.

"Na leo je?" mama akauliza.

Lemomo akavua kofia.